Seoi Nage ya Ukosi Mmoja: Namna ya Kujifunza Mtupo wa Bega kwa Hatua

Seoi nage ni mtupo wa bega ambao karibu kila anayeingia ukumbi wa judo hutamani kuujua mapema, na si ajabu, kwa kuwa humwezesha mtu mfupi na mwepesi kumwinua aliyemzidi kimo na uzito na kumlaza chali mbele ya miguu yake. Jigoro Kano, mwasisi wa judo, alianzisha chuo cha Kodokan mjini Tokyo mwaka 1882, na katika mpangilio wa mitupo 40 wa chuo hicho uliorekebishwa mwaka 1920, seoi nage imo katika kundi la kwanza kabisa kati ya makundi matano. Imehesabiwa miongoni mwa mbinu za mikono, ingawa mtazamaji huona zaidi mgongo na miguu. Sababu yake itaonekana tutakapofika kwenye kazi ya mkono wa kushoto.

Mwanafunzi wa kawaida hukutana kwanza na sura mbili za mtupo huu. Ya kwanza ni morote seoi nage, ambayo mkono wa kulia unashika ukosi wa kushoto wa mpinzani na kisugudi kinakunjwa na kuingizwa chini ya kwapa lake la kulia. Ya pili ni ippon seoi nage, ambayo mkono wa kulia unaachia nguo na kuukumbatia mkono wa mpinzani kwa ndani ya kisugudi. Mwongozo huu unahusu sura nyingine, kata eri seoi nage, yaani ya ukosi mmoja, ambayo mkono wa kulia unavuka na kushika ukosi wa kulia wa mpinzani, yaani ukosi wa upande ule ule ambao mkono wa kushoto tayari umeshika nguo ya mkono wake. Maelezo yote hapa ni ya mtu anayetupa kwa kulia. Anayetumia kushoto ageuze pande.

Naipendekeza sura hii hasa kwa vijana wanaolalamika kwamba morote inawaumiza kisugudi. Katika morote, ukosi ulioushika uko mbali na kwapa unalotaka kuingia, kwa hiyo kifundo cha mkono hupinda na kisugudi hubeba mzigo kikiwa kimekaa vibaya. Ukishika ukosi wa upande wa kwapa lenyewe, kisugudi kinaingia chini bila kusokotwa, na mvuto unapita moja kwa moja juu ya bega lako. Faida hiyo ina gharama yake. Mikono yako yote miwili ikiwa upande mmoja, mkono wa kushoto wa mpinzani uko huru kabisa. Anaweza kukuzunguka kiunoni, kukurudisha nyuma na kukuangusha wewe. Waamuzi nao hawakuachii ukae na mshiko wa upande mmoja bila kushambulia, na ukizubaa unapewa adhabu ya shido. Ndiyo maana mtupo huu haujifunzwi kama mshiko unaofuatwa na mtupo. Mkono wa kulia unapovuka, mtupo umeshaanza, na kila hatua iliyoandikwa hapa imepangwa ili mwili wako uzoee jambo hilo moja.

Kabla ya kuanza

Usitupe wala usitupwe kama bado hujajua kuanguka. Katika mtupo wa kulia, anayetupwa huangukia upande wake wa kushoto na hupiga godoro kwa mkono wa kushoto, kidevu kikiwa kimebanwa kifuani ili kisogo kisiguse chini. Kwa kuwa seoi nage humpitisha mtu juu kuliko mitupo ya kufagia miguu, mwenzako awe amefika mahali ambapo anaanguka hivyo bila kufikiri. Hapo ndipo na wewe utakapopata ujasiri wa kumtupa kikamilifu.

Mazoezi ya kutupa yafanywe juu ya tatami, yaani magodoro ya judo. Unguja, ambako judo imekuwa ikifundishwa tangu miaka ya 1990, zipo sehemu za kufanyia; lakini vijana wengi wa shamba, na wengi wa Pemba, hufanya sehemu kubwa ya mazoezi yao nje ya ukumbi, na hilo lina masharti yake. Mkeka juu ya saruji si mahali pa kumwangusha mtu. Mchanga wa pwani unadanganya: maji yakishatoka, ule uliobaki umelowa ni mgumu ajabu, na ule mkavu wa juu hunasa unyayo, hivyo unapozunguka mguu hubaki nyuma na goti husokotwa. Pwani fanya mazoezi ya kuchuchumaa, kuinuka na kubebana mgongoni. Zoezi la kuzunguka lifanye peku juu ya sakafu laini ya baraza, ambapo mguu unateleza unavyotakiwa, na uache kutupa hadi utakapofika kwenye tatami.

Hatua ya kwanza: anza na mwisho

Wengi hufundishwa kuanzia mshiko, kisha mzunguko, kisha kutupa. Kwa sura hii naona ni bora kugeuza mpangilio, kwa sababu mwanafunzi asiyejua mwili wake unapaswa kufika wapi huzunguka kwa kubahatisha, na akifika vibaya hulazimisha kwa nguvu za mgongo.

Simama ukiwa tayari umempa mwenzako mgongo, nyote mkitazama upande mmoja. Mkono wake wa kulia upite juu ya bega lako la kulia. Mkono wako wa kushoto ushike nguo ya mkono wake huo chini kidogo ya kisugudi, upande wa nje. Mkono wako wa kulia ushike ukosi wake wa kulia, ngumi yako ikiwa karibu na mtulinga wako mwenyewe, na kisugudi chako kikiwa kimejaa chini ya kwapa lake. Sasa kunja magoti hadi mkanda wako uwe chini ya mkanda wake. Nyayo zako ziwe ndani ya nyayo zake, zimekaribiana kuliko upana wa mabega, na uzito wako uwe sehemu ya mbele ya unyayo.

Kagua nafasi iliyopo kati ya mgongo wako na kifua chake. Isiwepo. Ukihisi upepo unapita hapo, nyayo zako zimesimama mbali mno na yeye, au umeinama kabla ya kuchuchumaa. Mwambie mwenzako akulalie mgongoni kwa uzito wake wote, kisha nyoosha magoti. Miguu yake inapaswa kuachana na godoro bila wewe kukunja mgongo hata kidogo. Mshushe pale pale, mrudie tena, mara kumi, kisha mbadilishane. Zoezi hili halichoshi kama linavyoonekana. Ukiona mgongo unauma badala ya mapaja, acha na urekebishe kimo cha magoti.

Miguu ikishazoea kuinua, ongeza kumalizia. Unaponyoosha magoti, geuza uso wako kutazama kushoto, vuta mkono wa kushoto kutoka kwenye kimo cha macho kushuka kuelekea nyonga yako ya kushoto, na uache kiwiliwili kifuate uso. Mwenzako atapita juu ya bega la kulia na kuanguka mbele yako. Hapo ndipo penye jambo la usalama ambalo halina mjadala: usiiachie nguo ya mkono wake. Mara tu mgongo wake unapogusa godoro, uvute mkono huo juu, ili kichwa chake kisiangukie kisogo na bega lake lisibebe uzito wote.

Hatua ya pili: nyayo

Sasa simameni mkitazamana, bila kushikana. Weka mguu wako wa kulia mbele ya mguu wake wa kulia, kwa upande wa ndani, ukiacha nafasi ya takriban nusu unyayo kati ya vidole vyenu. Zunguka juu ya sehemu ya mbele ya unyayo huo, kisigino kikiwa kimeinuka, na uulete mguu wa kushoto kwa nyuma hadi ukae ndani ya mguu wake wa kushoto. Nyayo zako zote mbili zitazame anakotazama yeye.

Wanaojifunza hukosea zaidi katika kuchuchumaa. Huzunguka wima, wakafika, ndipo wakakunja magoti, na kwa muda huo mdogo mpinzani huwa ameshahisi mgongo na kurudisha kiuno nyuma. Magoti yaanze kukunjwa mguu wa kulia unapogusa chini, na mguu wa kushoto unapofika uwe tayari umeshafika chini kabisa. Fanya hivyo peke yako kwenye baraza, polepole, mpaka usisikie tena kishindo cha kisigino kwenye sakafu; kishindo maana yake umekaa juu ya visigino, na mtu aliyekaa juu ya visigino huvutwa nyuma kwa kidole kimoja.

Hatua ya tatu: mikono, na tyubu ya baiskeli

Mkono wa kulia ushike ukosi katika kimo cha mtulinga wa mpinzani au chini yake kidogo. Ukishika juu karibu na shingo, kisugudi kitakwama juu ya mkono wake badala ya kuingia chini. Bana kitambaa kwa kidole kidogo, cha pete na cha kati, na uache kidole gumba na cha shahada vikiwa vimelegea, kwa sababu ngumi iliyokazwa yote huukaza mkono mzima hadi begani. Kifundo cha mkono kibaki kimenyooka tangu mwanzo hadi mwisho. Kikianza kupinda, umevuta ukosi kwa mkono badala ya kuuleta mwili chini yake.

Mkono wa kushoto ndio unaofanya kazi kubwa, na ndiyo sababu mtupo huu umewekwa kwenye mbinu za mikono. Uvute kwenda mbele na juu, kidole kidogo kikielekea juu na kisugudi kikiinuka, kama mtu anayetazama saa aliyoivaa. Mvuto huo unamtoa mpinzani visiginoni na kumsimamisha juu ya vidole vya miguu, na pia unafungua kwapa ambalo kisugudi chako cha kulia kinahitaji kuingia. Ukivuta chini tangu mwanzo, unalifunga kwapa hilo mwenyewe.

Hapa ndipo tyubu kuukuu ya baiskeli inapokuwa na faida kuliko mwenzako. Ikate, ipitishe kwenye nguzo ya baraza au mnazi ulio karibu na sakafu ya saruji, katika kimo cha kifua, na ushike ncha mbili. Kwa mtupo huu usizitenganishe: ncha ya kulia iwe juu, ya kushoto iwe chini yake kidogo, zote upande mmoja. Rudi nyuma hadi tyubu ikazike, kisha ingia kwa nyayo ulizojifunza. Tazama mpira wenyewe unapozunguka. Ukilegea na kuning'inia hata kwa nukta moja katikati ya mzunguko, mkono wako wa kushoto umesimama pale pale mwili ulipoanza kugeuka, na hilo ndilo kosa ambalo mtu hawezi kuliona kwa mwenzake lakini mpinzani hulihisi mara moja, maana anapata nafasi ya kurudi visiginoni. Mvuto unaofaa hubakisha tyubu imekazika tangu unapoingia hadi uso unapogeukia kushoto. Seti za kumi kumi zinatosha, nyingi kwa upande wako na chache kwa upande wa pili ili mgongo usikue kwa upande mmoja. Kagua mpira kila siku kabla ya kuanza, hasa ulioachwa juani, kwani tyubu iliyopasuka ikikatika hurudi usoni.

Hatua ya nne: kuunganisha

Shikaneni mshiko wa kawaida: kushoto kwako kwenye nguo ya mkono wake wa kulia, kulia kwako kwenye ukosi wake wa kushoto. Rudisha mguu wako wa kushoto nyuma hatua moja huku ukimvuta, ili naye asogeze mguu wake wa kulia mbele. Mguu huo unapokaribia kutua, mkono wako wa kulia unaachia ukosi wa kushoto, unavuka, unashika ukosi wa kulia, na mguu wako wa kulia unaingia pamoja nao. Mkono na mguu vifike kwa wakati mmoja. Kama mwenzako anaweza kusema "umebadilisha mshiko" kabla hujaingia, umechelewa, na mwambie aseme hivyo kila mara anapoona. Ni msaada mkubwa kuliko kukunyamazia.

Fanyeni kwanza bila kutupa, uchikomi ya kuingia na kutoka, kisha mara ya tano au ya kumi mtupe. Baada ya hapo acheni kuhesabu na tembeeni ukumbini, mwenzako akisukuma na kusogea apendavyo bila kupinga mtupo, nawe ukiitafuta hatua ya mguu wake wa kulia. Nafasi mbili ni bora kuliko zote: anapokusukuma kwa kifua, na anapoinuka baada ya kuinama kwa muda. Aliyeegemea nyuma na kunyoosha mikono hatupiki kwa njia hii, na kumng'ang'ania ni kumpa mgongo wako bure.

Toshihiko Koga wa Japani, aliyetwaa dhahabu ya uzani wa kilo 71 kwenye Olimpiki ya Barcelona mwaka 1992 akiwa na jeraha la goti, anakumbukwa mno kwa seoi nage yake ya kusimama. Vijana wanaomtazama kwenye video huvutiwa na kasi yake na kujaribu kuiga kasi. Wakitazama kwa utulivu wataona kwamba mkono wa kuvuta umeshamwondoa mpinzani mahali pake kabla mgongo haujageuka, na hilo linaweza kuigwa hata kwa mwendo wa pole.

Mpinzani anapozuia

Zuio la kwanza utakalokutana nalo ni mkono wake wa kushoto kwenye nyonga au kiuno chako. Usishindane nao ukiwa umeshasimama. Ukihisi umezuiwa kabla magoti hayajafika chini, toka. Zuio la pili ni kuruka na kukuzunguka kwa upande wako wa kulia, na dawa yake ni kisugudi kilichojaa kwapani na mkono wa kushoto usiolegea, kwa kuwa aliyefungwa bega hilo hana njia ya kuzunguka. La tatu, na ndilo linalokupa nafasi nyingine, ni kukaa nyuma kwa uzito wote. Hapo mshiko wa ukosi mmoja unafaa sana kwa kouchi gari: geuka umtazame tena, pitisha wayo wa mguu wako wa kulia ndani ya kisigino chake cha kulia, ufagie kuelekea vidole vyake vinakotazama, na umsukume kwa mkono wa ukosi kuelekea kisigino hicho. Wawili wanaojifunza pamoja wafanye zoezi hili kwa kupokezana, seoi nage mara moja, kouchi gari mara moja, mpaka mpinzani asijue kama akae mbele au nyuma.

Kishawishi kikubwa mtu anapozuiwa ni kujidondosha magotini chini ya mpinzani. Seoi nage ya magoti ipo na inatumika mashindanoni, lakini ni somo lake peke yake, na anayeifanya ili kuokoa mzunguko mbovu huumiza magoti yake na humwangusha mwenzake kwa kichwa au bega. Watoto wa skuli nisingewafundisha kabisa. Kujirusha mbele kwa kichwa chako mwenyewe ili kukamilisha mtupo ni jambo zito zaidi: kanuni za kimataifa hulihesabu kuwa kosa la kutolewa mchezoni papo hapo, na limekatazwa kwa sababu shingo ndiyo inayobeba miili miwili.

Kupanga mazoezi

Hatua ya kwanza na ya pili zipewe muda mrefu kuliko vijana wanavyopenda, na hatua ya nne isiguswe mpaka tyubu iache kulegea. Katika joto la kaskazi, nguo iliyolowa jasho huteleza mkononi, na wengi huanza kukaza ngumi bila kujua. Beba taulo, futa mikono, na ukiona mikono imechoka malizia kwa nyayo tu. Mwezi wa Ramadhani kazi nzito ya kutupana iwekwe baada ya tarawehe, na kabla ya magharibi ifanywe kazi ya nyayo peke yake, isiyotoa jasho jingi.

Katika randori, yaani mazoezi huru ya kupambana na mwenzako, kubaliana na mwenzako mwanzoni kwamba utajaribu mtupo huu mmoja tu, na yeye azuie kwa nusu ya nguvu zake. Akishaanza kukuzuia kwa nguvu zote na bado mkono wako unafika pamoja na mguu, badilisha mwenzako: tafuta aliye mrefu zaidi, kisha aliye mfupi kuliko wewe, ambaye kwake itakubidi uchuchumae kuliko ulivyowahi. Aliye mfupi mwache wa mwisho, na siku ya kwanza naye rudi kwenye hatua ya kwanza kabla ya kumtupa.